Maisha ya Tadayoshi Okabayashi, Fundi wa Lipu Aliyeacha Kuahidi

Ndugu, majirani, mafundi wenzake, na ninyi watu wa Chama cha Kuacha Pombe mliojibanza kule nyuma kana kwamba mmekuja kuomba kazi, sogeeni mbele, nafasi ipo. Habari hizi za maisha ya marehemu zinasomwa na dada yake mkubwa, Kikuyo, kwa niaba ya familia, kwa sababu binti yake amesema sauti haitamtoka, na hao wengine wenye elimu wanajua kusoma vizuri kuliko Kikuyo lakini habari zenyewe hawazijui.

Marehemu Tadayoshi Okabayashi alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948 hapa hapa Inokuchi, katika chumba cha nyuma kinachopakana na ghala la chokaa, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Eikichi Okabayashi, fundi wa lipu, na mama Shigeno. Siku hiyo baba yake alikuwa Aki mjini kwenye sherehe ya kupandisha mti wa paa la nyumba ya watu, akarudishwa kesho yake akiwa amelazwa juu ya mkokoteni, kwa hiyo wa kwanza kumpokea mtoto alikuwa mkunga, wa pili bibi yake, na baba akaja kumwona baadaye, alipoweza kusimama.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, kisha sekondari ya chini hadi mwezi Machi 1964, akawa mzuri wa kuchora na mbaya wa hesabu, mpole, asiyegombana na mtu. Hakuendelea na masomo, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu aliyemuuliza kama angependa kuendelea.

Mwezi Aprili mwaka huo huo alianza kazi chini ya baba yake, akabeba ndoo, akakanda chokaa na majani ya mpunga yaliyovundishwa mpaka harufu yake ikamkaa kwenye nywele, na baada ya miaka mitatu akakabidhiwa mwiko wake mwenyewe. Kazi yake hatuisifu kwa sababu amekufa, kuta zake zipo, kuanzia hapa mpaka Geisei na mpaka milimani, nyeupe, zimepigwa na vimbunga tangu hao vijana wenu hawajazaliwa, kila mtu anaweza kwenda kutafuta ufa.

Mwezi Agosti 1967, paa la nyumba moja ya Geisei lilipopandishwa, msimamizi wa mafundi alikunywa kikombe chake cha pombe ya mchele, akampa kijana kikombe hicho hicho na kumjazia. Mila yetu mnaijua, unakimaliza, unamrudishia mwenyewe na kumjazia, naye anakimaliza, na kukiweka chini kabla ya mkubwa ni sawa na kumtemea mate. Tadayoshi alirudisha vikombe mpaka jua likazama, na wazee wakasema mtoto wa Eikichi ana koo la baba yake. Alikuwa kijana ambaye hajawahi kusifiwa kwa lolote, akaamini kwamba koo ni kipaji.

Tarehe 21 Machi 1975 alifunga ndoa na Fusae, binti wa mkulima wa mabilinganya wa Geisei, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na tarehe 2 Juni 1978 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Michiyo, ambaye amekaa hapa mbele.

Hapa familia ilitaka isomwe kwamba marehemu alipitia changamoto, lakini Michiyo akauliza changamoto gani, akasema ikiwa inasomwa, isomwe pombe. Basi ni pombe. Alikunywa kazini, alikunywa baada ya kazi, akaanza kunywa kabla ya kazi ili mwiko usitetemeke, alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi akavunja bega, alilala barabarani, alilala kwenye shamba la mpunga, na Fusae alimfuata na toroli la kubebea chokaa, akamrudisha bila kumwambia mtu, ingawa hapakuwa na mtu asiyejua.

Na kila mwaka mpya, asubuhi ya kwanza, alikuwa anavaa nguo safi, anapiga magoti mbele ya madhabahu ya wazee wetu, anaweka mikono mapajani, analia, anatangaza kwamba ameacha. Fusae alikuwa anainama na kumshukuru. Michiyo alipokuwa mdogo alikuwa anampigia makofi, alipokua kidogo akaacha kupiga, na alipofika sekondari akawa anakula supu yake ya mwaka mpya bila kuinua macho. Hakuwa anawadanganya, hilo lieleweke, alikuwa anaamini kila neno mpaka mtu wa kwanza apite mlangoni kutoa salamu za mwaka na chupa mkononi, na kwetu huku watu wanapita mapema.

Tarehe 12 Oktoba 2003 watu wa Takamatsu walikuja na zawadi za kumposa Michiyo. Marehemu alikuwa ameombwa jambo moja tu, akae, ainame, anyamaze, na asubuhi hiyo alikuwa amemwahidi mkewe. Akanywa kikombe kimoja kutuliza mikono, kisha kimoja kutuliza kile cha kwanza, na baba wa kijana alipoinama kwa heshima zote, naye akainama, hakuinuka, aliangukia zile sinia za zawadi zilizopambwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha, akazivunja kwa kifua chake. Harusi ilifanyika mwaka uliofuata huko huko Takamatsu, kwenye kiti cha baba akakaa mjomba.

Fusae alifariki tarehe 17 Mei 2005 kwa ugonjwa wa tumbo ambao hakuwa ameutaja kwa mtu, na alipokata roho mumewe alikuwa amelala juu ya mifuko ya chokaa ghalani, akaamshwa na majirani. Baada ya mazishi alimfuata binti yake jikoni, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akaanza kusema kwamba sasa ameacha kweli, anaapa kwa picha ya mkewe. Michiyo hakugeuka, alikuwa anaosha vikombe vya wageni.

"Baba, maneno yako nimeyasikia yote mpaka yameisha," alisema. "Narudi kwangu. Usinipigie simu."

Mwezi Januari 2006 jirani alimkuta Tadayoshi kwenye mfereji wa mashamba, maji yamemfika kifuani na mabega yana barafu, akalazwa katika hospitali moja ya ng'ambo ya mto, ile ya wagonjwa wa akili ambayo watu wa huku hawalitaji jina lake, mpaka mwisho wa mwezi Machi. Alipotoka, tarehe 6 Aprili, siku ya Alhamisi, aliingia kwenye ukumbi wa mtaa ambamo Chama cha Kuacha Pombe kinakutana, akaketi karibu na mlango.

Mwenyekiti wao, Bwana Hamaguchi, aliyekuwa dereva wa basi, alimwambia mambo ambayo Tadayoshi aliyarudia kwa dada yake mara nyingi. "Hapa hakuna atakayekuachisha, fundi. Mkono ni wako na mdomo ni wako. Sisi tutakaa tu." Hawana dawa, hawana mhubiri, wala hawafichi majina yao. Mtu anasimama, anataja jina lake lote, anasema aliyofanya, anakaa, na hakuna anayeruhusiwa kumjibu, kumshauri, kumkemea wala kumpa pole. Wake zao wanakuja nao, wanakaa kiti cha pembeni, nao wakipewa zamu wanasema, na mume hana ruhusa ya kujitetea. Mke wa Hamaguchi, Nobue, siku hiyo ya kwanza alisimama akaeleza jinsi huyu mwenyekiti wao mheshimiwa alivyokuwa anakunywa pombe iliyowekewa marehemu mama mkwe kwenye madhabahu, kisha anajaza maji kwenye chupa ili huyo marehemu asijue. Watu walicheka, Hamaguchi naye akacheka, na Tadayoshi aliyekuja akitegemea kupigiwa kelele hakujua aweke wapi uso wake.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Nobue, kwa kumwonea huruma, akaweka mkoba wake hapo ili kisionekane kitupu sana, na Tadayoshi akauchukua kwa mikono miwili, akamrudishia kwa adabu, akasema kiti kina mwenyewe. Alirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, na kiti kile hakikukaliwa. Kuna watu walimuuliza Kikuyo kwa nini asiende kukaa na mdogo wake. Kikuyo alikuwa na mume aliyepooza wa kugeuza kitandani, na hata kama asingekuwa naye asingekwenda, maana aliyekuwa anangojwa pale si yeye.

Tangu siku hiyo marehemu hakunywa tena. Inasomwa kwa sentensi moja, lakini yeye aliiishi peke yake. Mwanaume wa huku asiyenywa hana pa kukaa. Kwenye sherehe za mapaa alipewa kikombe akakirudisha kikiwa kimejaa, na wenzake, baadhi yao wako hapa na wanainamisha vichwa, wakasema kikombe kimoja si kunywa, wakasema amekuwa mtawa, wakasema anatudharau. Hawakumfukuza, waliacha tu kumwita. Akawa anapiga lipu ukuta wa nyumba ya mtu, anasafisha mwiko wake, anaondoka kabla mikeka ya sherehe haijatandikwa, na kelele za kufurahia ukuta wake anazisikia akiwa njiani. Chakula cha mchana alikula upande wa pili wa nyumba. Jioni alichoma samaki wake kwa moto wa majani kama tunavyochoma sote, ila samaki huyo ni mkubwa, hakatwi kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo akala yule yule siku ya pili, akiwa amepoa, na chai ya shayiri, mbele ya mieleka ya kwenye televisheni ambayo sauti yake aliifunga kwa sababu watangazaji walimfanya aone kama kuna wageni sebuleni.

Alitaka kitu kimoja tu, Michiyo ajue. Hakutaka kusamehewa, alisema hayo ni mambo ya Michiyo mwenyewe, alitaka ajue tu kwamba baba yake hanywi. Na hakuwa na njia ya kumjulisha, kwa sababu njia pekee aliyokuwa nayo ni kusema, na kusema alikuwa amekutumia mpaka kukaisha. Kikuyo alimwambia kwenye simu kwamba yeye atampigia mtoto amweleze, na Tadayoshi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia dada yake, alikataa.

"Dada, ukimwambia wewe itakuwa ahadi ile ile, imebadilisha mdomo tu."

Basi akawa anapeleka Takamatsu sanduku la mabilinganya wakati wa mabilinganya na la machungwa wakati wa machungwa, bila neno ndani. Hakujibiwa. Masanduku hayakurudishwa, na hiyo aliihesabu kuwa habari njema. Alisikia kwa watu kwamba amepata mjukuu wa kike, anaitwa Kanae, akalisema jina hilo Alhamisi moja mbele ya Chama, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kulisemea.

Mwezi Oktoba 2018 alianza kupungua mwili na macho yakawa ya njano, na tarehe 13 Novemba hospitali ya mjini ikamwambia kwamba ini lina uvimbe mbaya uliokwisha sambaa. Hospitali ilitaka ndugu wa karibu, ikampigia Michiyo, naye akaja, kwa kuwa ni mtu wa wajibu kama mama yake. Daktari, kijana mwenye heshima, akauliza mgonjwa anakunywa kiasi gani kwa siku. Marehemu akajibu kwamba hanywi tangu mwaka 2006. Michiyo akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Daktari, usimsikilize," alisema. "Huyu amekuwa akiacha pombe tangu mimi sijaota meno."

Tadayoshi hakubisha. Aliinama kidogo kwa daktari, akasema ndivyo ilivyokuwa, akaangalia mikono yake.

Michiyo alikaa katika nyumba ya baba yake ili awe karibu na hospitali, na kabla hajafungua mzigo wake alianza kupekua, kwa sababu maficho yote alikuwa anayajua tangu utoto, kwenye pipa la mchele, nyuma ya madhabahu, chini ya birika la kuogea, kati ya mifuko ya chokaa. Hakukuta chupa. Alimwambia shangazi yake Kikuyo kwamba mzee amepata maficho mapya, na shangazi, akikumbuka alivyokatazwa, akanyamaza, jambo ambalo waliomzoea wanajua si la kawaida yake. Mtu aliyedanganywa tangu utoto huwezi kumshawishi kwa kutokuona kitu.

Marehemu alipokuwa hawezi tena kwenda ukumbini, Bwana Hamaguchi aliomba ruhusa, na Alhamisi ya tarehe 17 Januari mwaka huu Chama kilikutana kwenye chumba cha mapumziko cha wodi, mchana, watu tisa na viti vya kukunja. Michiyo alikuwa amekuja kumbadilisha baba yake nguo. Nobue akamwambia, kaa mwanangu, si lazima useme, akamwonyesha kiti cha pembeni ya mgonjwa, na Michiyo akakaa kwa sababu kusimama kungeonekana utovu wa adabu. Zamu ilipomfikia alisema hana la kusema. Kisha akalisema, nusu saa nzima, bila kuinua sauti. Alisema habari za toroli la chokaa. Alisema za sinia za posa, na jinsi mama mkwe wake mpaka leo anavyoondoa glasi mezani akiingia yeye, kana kwamba ugonjwa uko kwenye damu. Alisema mama yake alikufa akiuliza kama mumewe amekula. Mwisho akamgeukia baba yake, jambo ambalo kwa kanuni zao halifanywi, lakini hakuna aliyemzuia.

"Kila mwaka mpya nilikuwa nakupigia makofi," alisema. "Mimi nilikuwa napiga makofi, baba."

Kikuyo alikuwepo, na alijua kinachofuata, alikuwa amekiona kwa baba yao na akakiona kwa mdogo wake maisha yote, kwanza machozi, kisha magoti, kisha ahadi. Michiyo naye alikuwa anakijua, akakaza taya kukingoja. Lakini haikuwa zamu ya Tadayoshi. Alikaa, bomba la dawa mkononi, wakasema watu wawili wengine habari zao, na zamu yake ilipofika akashika ukingo wa kiti, akasimama.

"Mimi ni Tadayoshi Okabayashi. Leo sijanywa. Aliyosema binti yangu ni kweli yote."

Akakaa. Michiyo aliendelea kumtazama, akingoja iliyobaki, na haikuja. Baba yake hakulia, hakuomba, hakusema kuanzia sasa. Bwana Hamaguchi akamwita anayefuata. Michiyo akamgeukia Nobue na uso wa mtu anayeuliza kama ndiyo imeisha, na Nobue, ambaye haruhusiwi kujibu, akatazama mbele.

Alhamisi iliyofuata Michiyo alifika kabla ya wengine, akakunjua viti, akakaa kwenye kile cha pembeni, akamenya chungwa, akampa kipande kimoja kimoja. Hakusema kwamba anaamini, na baba yake hakuuliza. Hiyo ndiyo furaha aliyoipata, wiki tatu, naye aliingoja karibu miaka kumi na tatu akiwa peke yake, kwa hiyo msiipambe mkirudi majumbani.

Hali ilibadilika usiku wa tarehe 8 Februari, na tarehe 9 Februari 2019, asubuhi, ndugu wakiwa wamefika, Tadayoshi Okabayashi alifariki akiwa na umri wa miaka sabini. Muuguzi alileta pamba kwenye kijiti na kibakuli cha maji ili tumlowanishe midomo kama tunavyowafanyia wafu wetu wote. Binamu yake Katsumi, fundi mwenzake, ambaye alikuwa analia kuliko sisi wote, akatoa chupa ndogo kwenye koti, akamwaga yale maji, akajaza pombe, kama tulivyomfanyia mzee Eikichi, kama mlivyowafanyia baba zenu. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, wakampisha.

"Mpeni tone moja," Katsumi alisema. "Sasa haiwezi kumdhuru."

Michiyo alinyoosha mkono, akakichukua kibakuli kwa upole, akaenda nacho kwenye sinki, akakimwaga, akakiosha, akatupa ile pamba na kuomba nyingine, akajaza maji, akarudi kitandani.

"Baba mdogo," alisema, "baba yangu hanywi."

Akamlowanisha midomo, wa juu, kisha wa chini.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja aliyemwona kwa mara ya kwanza kwenye kitanda cha hospitali, na dada mmoja. Familia inamshukuru daktari wa hospitali ya mjini na wauguzi wa wodi, hasa kwa kile chumba cha mapumziko, inawashukuru majirani waliomtoa mferejini mwaka ule, mafundi wenzake kwa kubeba jeneza, na Katsumi, aliyekuja na moyo mwema na ameombwa asione haya. Inamshukuru Bwana Hamaguchi, Nobue na watu wa Chama, ambao hawakumwambia lolote, na yeye alisema hilo ndilo lililomsaidia. Baada ya hapa kuna wali, samaki na chai ya shayiri, na mwenye kiu ya kitu kingine atakinywa kwake.

Tadayoshi, hukumwambia Michiyo, na sisi hatukumwambia. Alijua mwenyewe. Basi lala, mdogo wetu, upumzike kwa amani.